Kuwa fundi umeme Marekani huku ukilipwa: mwongozo kamili wa uanagenzi

Ukikaa na Waswahili wa Louisville, Dayton, Des Moines au Houston, habari za kazi ni zilezile: ghala, kiwanda cha nyama, kutunza wazee, kuendesha Uber. Mshahara unaingia na bili zinalipwa, lakini miaka mitano baadaye mtu yuko palepale. Uanagenzi wa umeme ni njia nyingine, na wengi wetu hatujawahi hata kuiulizia. Unaajiriwa na kulipwa kwa saa tangu siku ya kwanza, unafundishwa kazini na darasani, na mshahara unapanda kwa ngazi zilizoandikwa kwenye mkataba kabla hujaanza. Baada ya miaka minne au mitano una cheti mkononi na hudaiwi mkopo wa chuo.

Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024, fundi umeme wa katikati, yaani nusu ya wenzake wanamzidi na nusu anawazidi, alipata dola 62,350 kwa mwaka, karibu dola 30 kwa saa.

Watu wetu wanaoishia njiani ni nadra washindwe na kazi yenyewe. Wanakwama kwenye vyeti, wanakwama kwenye aljebra, au wanafanya kazi miaka mingi bila saa zao kuandikwa popote. Ndiyo maana mambo hayo matatu nimeyapa nafasi kubwa kuliko plaizi na bisibisi.

Nani anaweza kuingia

Uwe na umri wa miaka 18 siku unayosaini mkataba. Programu nyingi zinapokea maombi ukiwa na 17. Umri wa juu hauna kikomo, kwa hiyo mtu wa miaka 40 asijitoe mwenyewe. Uwe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, leseni ya udereva pamoja na usafiri wa uhakika (saiti hubadilika, na kazi nyingi huanza saa 12 au saa 1 asubuhi, kabla mabasi ya miji mingi hayajachangamka), na ufaulu kipimo cha dawa za kulevya. Hili la mwisho linawanasa vijana: bangi inaweza kuwa halali katika jimbo lako, na kampuni ikakukataa kwa sababu hiyohiyo.

Juu ya yote, uwe na haki ya kufanya kazi Marekani. Mwenye green card, mkimbizi aliyepokelewa rasmi, aliyepewa hifadhi na mwenye kibali cha kazi kinachoendelea kutumika, wote wanaweza kuomba. Wewe unayesoma ukiwa Kigoma, Bukavu au Mombasa, uelewe kwamba uanagenzi si viza. Programu hizi haziagizi watu kutoka nje. Mtu akikuomba pesa kwa WhatsApp ili "akutafutie nafasi ya apprenticeship Marekani", huyo ni tapeli, hata kama barua aliyokutumia ina nembo na mhuri.

Hatua ya kwanza: jua jimbo lako linataka nini

Marekani haina leseni moja ya fundi umeme ya nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake, na mengine yameuachia mji au kaunti. Kabla hujajaza fomu yoyote, tafuta tovuti ya serikali ya jimbo lako na usome sehemu ya leseni za mafundi umeme.

Texas, kwa mfano, hata mwanagenzi anatakiwa kusajiliwa. Idara inayohusika inaitwa TDLR, ada ni dola 20, na leseni hiyo inahuishwa kila mwaka. Bila kadi hiyo huruhusiwi kushika kazi ya umeme. Kufikia ngazi ya fundi kamili, ambayo kazini utaisikia kila siku kwa jina la journeyman, unahitaji saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu (master, ngazi ya juu ya journeyman) pamoja na kufaulu mtihani. Wanakuruhusu kuufanya ukifikisha saa 7,000. Massachusetts wanataka saa 8,000 za kazi na juu yake saa 600 za darasa. Washington wamekaza zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2023, anayetaka kuwa fundi kamili wa fani yote lazima, isipokuwa kwa hali chache, awe amemaliza uanagenzi uliosajiliwa, kukusanya saa peke yake hakutoshi tena. Illinois na Pennsylvania hazina leseni ya jimbo kwa mafundi, lakini miji kama Chicago na Philadelphia ina masharti yake.

Saa 8,000 zinaonekana nyingi kuliko zilivyo. Anayefanya saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, anapata saa 2,000. Ni miaka minne.

Hatua ya pili: omba kwenye milango yote

Mlango wa kwanza ni wa chama cha wafanyakazi. IBEW, chama cha mafundi umeme kilichoanzishwa St. Louis mwaka 1891, kinaendesha mafunzo kwa ubia na NECA, umoja wa makampuni ya ukandarasi wa umeme. Kila eneo lina ofisi yake ya mafunzo, mara nyingi ikiitwa JATC. Programu ya fundi wa majengo makubwa huchukua miaka mitano. Ya nyumba za kuishi ni fupi zaidi. Hapa ndipo palipo na mshahara mzuri, bima ya afya na pensheni, na ndipo palipo na foleni ndefu.

Mlango wa pili ni wa makampuni yasiyo na chama, kupitia jumuiya kama IEC na ABC. Miaka ni minne, unaajiriwa na kampuni moja, na unakwenda darasani jioni au wikendi. Kuingia ni rahisi kidogo kwa sababu ukishapata kampuni inayokutaka, sehemu kubwa ya safari imekwisha. Mafao hutegemea kampuni.

Mlango wa tatu ni kuajiriwa moja kwa moja kama msaidizi na kampuni ndogo ya mtaani. Katika majimbo kama Texas saa zako zitahesabiwa ukiwa umesajiliwa, lakini darasa utajitafutia mwenyewe.

Watu hubishana sana kuhusu chama na kutokuwa na chama. Ushauri wangu ni kuomba kwenye milango yote mitatu wiki hiyohiyo. Jibu la chama linaweza kuchukua miezi mingi, na hakuna sheria inayokuzuia kufanya kazi kwingine huku ukisubiri. Ila hakikisha programu ya darasa na kazi unayoingia imesajiliwa na serikali. Utaitafuta kwenye tovuti ya apprenticeship.gov au kwenye idara ya kazi ya jimbo. Usajili maana yake kuna mkataba wa maandishi, ngazi za mshahara zilizotajwa, na cheti kinachotambuliwa nchi nzima. Kampuni ikikuita "mwanagenzi" bila mkataba wowote, wewe ni kibarua mwenye jina zuri.

Na shule za ufundi za kulipia? Zipo nzuri, lakini usikope maelfu ya dola kabla hujaomba uanagenzi. Kuna watu wamelipia mwaka mzima wa chuo cha binafsi, kisha wakaingia uanagenzi na kuanzia mwaka wa kwanza kama wenzao ambao hawakulipa kitu.

Hatua ya tatu: makaratasi

Andaa nakala ya cheti cha sekondari pamoja na orodha ya masomo na alama. Kama ulisoma Tanzania ni cheti cha kidato cha nne au cha sita, Kenya ni KCSE, Kongo ni Diplôme d'État. Programu nyingi zitataka vyeti hivyo vitafsiriwe kama haviko kwa Kiingereza, na vifanyiwe tathmini na shirika linalotambuliwa, kwa mfano lolote lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika ya kutathmini vyeti vya nje. Piga simu ofisi ya programu kwanza uulize wanakubali tathmini ya nani, maana huduma hiyo inalipiwa na hupendi kuilipia mara mbili.

Aliyekimbia vita na vyeti vikabaki nyuma asikate tamaa. Fanya GED, mtihani ambao cheti chake kinalingana na cha sekondari. Ni masomo manne: hisabati, Kiingereza, sayansi na maarifa ya jamii, na alama ya kufaulu ni 145 kwa kila somo. Unafanya somo moja moja, kwa hiyo unaweza kuanza na unaloliweza. Vyuo vya kijamii (community college) na maktaba za miji mingi hutoa madarasa ya maandalizi bure kwa watu wazima. GED inapatikana kwa Kiingereza na Kihispania tu, kwa hiyo Kiingereza cha kusoma utakifanyia kazi hapohapo.

Programu za IBEW zina sharti jingine: uthibitisho kwamba ulifaulu aljebra ya mwaka mmoja wa sekondari, au kozi moja ya aljebra baada ya sekondari. Kwa sisi tuliosoma "Hisabati" kama somo moja lenye kila kitu ndani yake, neno aljebra halionekani popote kwenye cheti. Mshikaji wa fomu ataangalia, hataliona, na maombi yatarudi. Kuna tiba mbili: mpe anayefanya tathmini mtaala wa somo lako ili aandike wazi kwamba aljebra imo, au chukua kozi moja ya aljebra chuo cha kijamii. Kozi hiyo ina faida ya ziada, maana inakuandaa kwa mtihani unaofuata.

Hatua ya nne: aljebra

Mtihani wa kuingia kwa upande wa chama una sehemu mbili: aljebra, na kusoma kwa ufahamu. Kikokotoo hakiruhusiwi. Alama hutolewa kati ya 1 na 9, na kwa kawaida unahitaji angalau 4 ili uitwe kwenye usaili. Ukishindwa, unasubiri miezi sita ndipo ujaribu tena.

Maswali yenyewe ni ya kiwango cha kidato cha pili na cha tatu. Kama 3x + 7 = 22, x ni ngapi? Panua (x + 3)(x − 2). Mfuatano 2, 5, 11, 23 unafuatiwa na namba gani? Chukua fomula I = V/R, itafute R. Kama yamekutoka kichwani, hauko peke yako. Saa moja kila jioni kwa miezi miwili au mitatu inatosha wengi, na masomo ya tovuti ya Khan Academy ni ya bure. Anza na sehemu: kujumlisha 3/8 na 1/4, kuzidisha 5/16 mara 3. Sehemu ndizo utakazozitumia kazini kila siku kwa sababu Wamarekani wanapima kwa futi na inchi, na inchi imegawanywa mara kumi na sita kwenye tepu yako.

Wengi waliosoma hesabu kwa Kifaransa au Kiswahili wanaijua hesabu ila hawaelewi swali. Jiandikie kijidaftari cha maneno kama slope, factor, evaluate, product, quotient na remainder, na ufanye mazoezi kwa Kiingereza tu, hata kama kichwani unahesabu kwa lugha yako.

Sehemu ya kusoma ni aya ndefu na maswali juu yake, na muda ni mfupi. Usilete unayoyajua wewe; jibu ni lile lililoandikwa kwenye aya.

Hatua ya tano: usaili

Utakaa mbele ya kamati. Kwa upande wa chama huwa ni watu wa chama na watu wa makampuni kwa idadi sawa. Wanakupa alama, unapangwa kwenye orodha, na kampuni zikihitaji watu, orodha inasomwa kuanzia juu. Jina lako hukaa kwenye orodha hiyo miaka miwili kwa kawaida. Uko chini sana? Uliza utaratibu wa kusailiwa tena baada ya kuongeza uzoefu.

Maswali hayabadiliki sana. Kwa nini umeme na si mabomba? Eleza kazi uliyowahi kuifanya kwa mikono. Eleza siku ulipogombana na mwenzako kazini na mkamalizaje. Utafanya nini ukiambiwa ufagie saiti wiki nzima?

Hapa malezi yetu yanaweza kutuangusha. Tumefundishwa kutojisifu mbele ya wakubwa, kuinamisha macho na kujibu kwa ufupi. Kamati ya Kimarekani huiona heshima hiyo kama kutokujiamini, au kama mtu asiye na la kusema. Ukiulizwa uzoefu wako, usijibu "nilikuwa nafanya kazi kidogo kidogo za umeme." Sema: "Nilitandaza nyaya kwenye nyumba za vyumba vitatu Mwanza, nikaweka boksi la breka, soketi na taa, na nilikuwa na vijana wawili chini yangu." Taja kitu kinachoonekana, taja ulichokifanya wewe, kisha nyamaza uwaache waulize. Hata mwanamke aliyesimamia genge la mama lishe ana la kusema hapo: kuamka saa kumi usiku, kupanga kazi, kuwajibika kwa pesa za watu.

Wanawake bado ni wachache sana kwenye fani hii, na programu nyingi zinawatafuta kwa makusudi. Oregon Tradeswomen ya Portland, Chicago Women in Trades na Nontraditional Employment for Women ya New York zinatoa maandalizi ya kabla ya uanagenzi, yakiwemo mazoezi ya usaili.

Wakati unasubiri

Tafuta kazi yoyote yenye harufu ya saiti: msaidizi wa fundi, mtunza stoo wa vifaa vya umeme, mbeba mizigo wa kampuni ya ujenzi. Chukua kozi ya saa 10 ya OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini. Hakikisha mtoaji ameidhinishwa, kwa sababu kadi za mitandao ya ovyo hazikubaliki. Kozi ya huduma ya kwanza na ya kufufua moyo nayo huhesabiwa. Mambo haya yote yanaongeza alama kwenye usaili.

Miezi ya kwanza kazini

Utanunua vifaa vya mkononi mwenyewe, na programu itakupa orodha. Mara nyingi ni plaizi ya fundi umeme, koleo la kukatia waya, koleo mbili za kubana paipu, bisibisi bapa na za nyota, nyundo, pimamaji fupi, msumeno wa chuma, tepu ya futi 25 na testa. Mashine kama drili hutolewa na kampuni. Usinunue seti ya bei kali kabla hujapewa orodha; ila kwenye buti na testa usibane pesa.

Mwaka wa kwanza una kubeba sana na kufagia sana. Anayebeba huku akiuliza hiki kinaitwaje na kinaenda wapi anajifunza haraka kuliko anayebeba kimya. Ukipewa maelekezo hukuelewa, rudia kwa maneno yako: "Unataka nianzie kwenye boksi hili mpaka lile, paipu mbili, sivyo?" Kusema "yes" huku hujaelewa ndiko kunakoumiza watu saiti. Kanuni yenye uhai wa mtu ndani yake ni hii: kabla hujagusa waya unaoambiwa umezimwa, weka testa kwenye umeme unaojua upo ili uhakikishe testa ni nzima, pima waya wako, kisha rudi kwenye umeme ule upime tena. Breka ikishazimwa ifungwe kwa kufuli yako na ufunguo ukae mfukoni mwako. Msimamizi akikuharakisha uruke hatua hiyo, kataa. Miezi ya mwanzo ni ya majaribio na programu inaweza kukuacha, hilo ni kweli, lakini mkataba uliosajiliwa unakupa pa kulalamika.

Kwa waliokuwa mafundi nyumbani

Uzoefu wako ni mali, ila kuna sehemu unayopaswa kuifuta kichwani kabisa, nayo ni rangi.

Kwenye nyumba za zamani za Kenya na Tanzania, kwa mtindo wa Kiingereza, waya mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Kwenye mtindo mpya, na kwa waliojifunzia Kongo, bluu ndiyo nyutro. Marekani mweusi ndio wenye moto. Nyutro ni nyeupe au kijivu, na ethi ni kijani au waya mtupu wa shaba. Bluu nayo ni moto: kwenye jengo la feizi tatu la volti 208 utakuta nyeusi, nyekundu na bluu, zote zinaua. Kwenye volti 480 za viwanda na maofisi desturi ni kahawia, chungwa na njano, nyutro yake kijivu. Fundi mwenye miaka kumi ya Dar au Lubumbashi yuko hatarini kuliko mwanafunzi asiyejua kitu, kwa kuwa mkono wake unakwenda kwenye mweusi au bluu kabla kichwa hakijafikiri. Mwezi wa kwanza ujisemee rangi kwa sauti kila unapofungua boksi. Wakucheke.

La pili ni volti. Soketi ya kawaida hapa ni volti 120, hezi 60. Hita ya wati 1,500 inayovuta takriban ampea 6.5 kwenye volti 230 za nyumbani, hapa inavuta ampea 12.5. Ndiyo maana nyaya ni nene: breka ya ampea 15 inataka waya namba 14, ampea 20 namba 12, ampea 30 namba 10. Namba ikipanda waya unakuwa mwembamba. Waya namba 12 una eneo la milimita za mraba 3.3 hivi, kwa hiyo 2.5 uliyoizoea kwenye soketi haina mwenzake kamili. Jiko na mashine ya kukaushia nguo hutumia volti 240, ambazo hupatikana kati ya nyaya mbili zenye moto, si kati ya moto na nyutro. Na soketi hazifungwi kwa mzunguko wa ring. Kila laini inatoka kwenye breka na kuishia mbele.

La tatu ni paipu za chuma zinazoonekana, ambazo majengo ya biashara yamejaa. Fundi anapimwa kwa mikunjo yake. Chukua paipu nyembamba ya nusu inchi, unataka ipande ukutani inchi 12 baada ya kona ya digrii 90. Kikunjio cha mkono cha nusu inchi kinakula inchi 5. Toa 5 kwenye 12, weka alama inchi 7 kutoka mwisho wa paipu, linganisha alama na mshale ulio kwenye kikunjio, kisha kanyaga. Nguvu yote iwe mguuni. Ukivuta kwa mkono tu paipu inajikunja kama mrija wa soda. Ya robo tatu inchi inakula 6. Kukwepa boriti kwa mikunjo miwili ya digrii 30, zidisha kimo mara 2: boriti la inchi 4, alama zako ziachane inchi 8, na ujue paipu itapungua urefu kwa robo inchi kila inchi ya kimo, yaani inchi 1 nzima. Mabaki ya paipu kwenye pipa la chuma chakavu ni shule ya bure. Omba ruhusa uyakunje wakati wa mapumziko.

Saa zako

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yako kwenye kazi hii ni saa.

Programu itakutaka ujaze ripoti, kwa kawaida kila mwezi, ikionyesha saa ngapi umetandaza nyaya, saa ngapi paipu, saa ngapi boksi za breka. Ijaze kwa wakati, maana kupanda ngazi ya mshahara kunategemea hiyo. Lakini weka na daftari lako mwenyewe: tarehe, saiti, jina la kampuni, jina na namba ya leseni ya fundi uliyekuwa chini yake, kazi uliyofanya na saa. Piga picha kila ukurasa na utunze kila hati ya malipo. Makampuni hufungwa, mafundi wakuu hustaafu au huhama, wengine hununa ukiacha kazi. Kuna jamaa alifanya miaka mitatu kwa kampuni moja ndogo, ikafa, na mwenye leseni hakupatikana tena kusaini. Hati za malipo zilimsaidia kuokoa sehemu tu ya saa zake. Texas kuna fomu ya kuthibitisha uzoefu ambayo fundi mkuu anasaini. Ipeleke isainiwe siku unapoacha kazi, kabla hujarudisha funguo.

Na angalia unalipwaje. Ukipewa pesa taslimu bila hati, hakuna kodi iliyokatwa, hakuna bima ya ajali kazini, na saa hizo itakuwa vigumu kuzithibitisha.

Mshahara na makato

Unalipwa asilimia ya kiwango cha fundi kamili wa eneo lako, mara nyingi ukianzia 40 hadi 50. Tuseme kiwango ni dola 40 kwa saa na mkataba unaanzia asilimia 45: unaanza na dola 18. Ukifika asilimia 60 ni dola 24, ukifika 80 ni dola 32. Ngazi inapanda ukitimiza saa na ukifaulu darasa, vyote viwili.

Ghalani huenda ulikuwa unapata zaidi ya hizo 18, na darasa mara nyingi halilipwi. Vitabu na ada vinaweza kufika mamia ya dola kwa mwaka, na kwenye chama kuna michango. Kaa na mwenzako nyumbani mpige hesabu ya mwaka mmoja na nusu wa kubana kabla hujasaini, akiwemo ndugu wa nyumbani anayetegemea pesa ya kila mwezi. Mwambie mapema kwamba itapungua, na kwa muda gani.

Kazi za ujenzi pia zina misimu. Mradi ukiisha unaweza kukaa nyumbani wiki kadhaa. Hiyo si kufukuzwa. Toa taarifa programu ikupangie kampuni nyingine, na siku hiyohiyo omba malipo ya kukosa kazi ya jimbo.

Mtihani wa leseni

Msingi wake ni NEC, kitabu cha kanuni za umeme kinachotolewa upya kila miaka mitatu: 2020, 2023, 2026. Nunua toleo ambalo jimbo lako linatahini, kwa sababu majimbo mengi hubaki nyuma toleo moja au mawili. Kwenye tovuti ya NFPA, shirika linalokitoa kitabu hicho, unaweza kulisoma bure ukijiandikisha. Mitihani ya majimbo mengi hukuruhusu kuingia na kitabu, kwa hiyo anayefaulu ni yule anayejua ukurasa. Jizoeze kutafuta jibu kwa saa ya mkononi, dakika tatu kwa swali, kuanzia kwenye faharasa. Anza mwaka wa pili, usingoje wa nne.

Ukishapata leseni, usihame jimbo kabla hujauliza. Baadhi ya majimbo yanatambuana, mengine yatakutaka ufanye mtihani upya, na Washington watataka kujua kama ulipitia uanagenzi. Ukitaka kufungua kampuni yako Texas, itabidi wewe au uliyemwajiri awe fundi mkuu: saa 12,000, angalau miaka miwili ukiwa na leseni ya journeyman, mtihani mwingine, kisha leseni ya ukandarasi pamoja na bima ya biashara. Saa hizo 12,000 nazo zitathibitishwa kwa daftari lilelile, kwa hiyo usilitupe.